Mke Mwenza Mwenye Mkia

Jambo la kwanza aliloliona Swaumu lilikuwa dogo: mumewe alipiga hodi kwenye banda la farasi.

Nyumbani kwao, katika kile kibanda cha udongo cha kambi ya wafanyakazi pale Nachingwea, Salimu aliingia kama upepo. Aliusukuma mlango kwa mguu, akauliza chakula kabla hajauliza hali. Lakini asubuhi ile Swaumu alipompelekea uji kazini, alimkuta amesimama mbele ya banda, kofia mkononi, akisema kwa upole, "Hodi, Bi Dachesi. Hodi, mama. Umeamkaje?" Kisha akangoja. Ndani farasi akapumua kwa nguvu puani, na hapo ndipo Salimu akaingia, tena kwa mguu wa kulia.

Swaumu akaweka uji chini, akaondoka bila kusema kitu. Hilo halikuwa geni. Swaumu alikuwa mtu wa haya, na maneno yake mengi yaliishia kooni. Hata siku ya harusi yake wageni walidhani bibi harusi ana homa.

Dachesi alikuwa farasi jike, mwekundu kama udongo wa kichuguu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa mali ya Bwana Robati, Mwingereza aliyekuja na matrekta kulima karanga, na Salimu ndiye saisi wake, mtunzaji wake wa kila siku. Jina lile, Salimu alieleza, maana yake ni mke wa mtu mkubwa sana huko Ulaya, jirani na mfalme. Farasi mwenyewe alionekana kulijua hilo. Hakunywa maji ya ndoo iliyokwisha kunuswa na punda. Akimwona mtu asiyempenda, alimgeuzia makalio. Akiona tandiko linaletwa, alianza kuchechemea mguu wa mbele. Wakiendelea kumbembeleza alisahau ulikuwa mguu upi, akachechemea wa nyuma. Bwana Robati, ambaye alikuwa amemfukuza kazi mkata visiki kwa kosa la kuumwa tumbo, alimpa Dachesi pole na sukari.

Banda lake lilikuwa na bati juu na wavu madirishani, kwa ajili ya ndorobo na mbu. Wanaume walioliezeka walirudi jioni kulala chini ya nyasi zinazovuja. Hawakuona ajabu. "Yule mgeni," walisema, "hajazoea."

Halafu kulikuwa na habari ya karanga. Shamba la bwana lilikula mafuta, likala vyuma, likala na afya za watu. Jua lilipowaka udongo ukawa mgumu kama sakafu ya msikiti, na karanga zikatoka chache, zimesinyaa kama vidole vya mfuaji. Dachesi alizinusa, akageuza uso. Basi ikabidi gari liende Mnero kununua karanga kwa akina mama waliozilima kwa jembe la mkono, katikati ya mihogo, na watoto mgongoni. Kila wiki gari lilitoka kwenye shamba kubwa la karanga kwenda kutafuta karanga. Mwanzoni dereva aliona aibu. Baadaye alizoea, na akiulizwa yale magunia anayapeleka wapi, alijibu, "Shambani."

Jioni Bwana Robati alikaa bandani akimsimulia farasi habari za siku yake, matrekta yaliyoharibika na mvua zilizogoma. Memsahib, mkewe, alikaa barazani na vikombe viwili vya chai, kimoja kikipoa. Siku moja Swaumu alipita na mzigo wa kuni, macho yao yakakutana. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Memsahib akatazama banda, akamtazama Swaumu, akabinua midomo. Swaumu naye akabinua yake. Walielewana siku ile kuliko watu wengi waliokuwa na mkalimani.

Kisha ikavuma kambini kwamba kazi inafungwa, mabwana wanahama, na Bwana Robati anakwenda Iringa pamoja na farasi wake. Swaumu alingoja mumewe amwambie watakuwaje. Salimu hakumwambia lolote. Ila mchana mmoja, Swaumu akipita nyuma ya banda, alimsikia akimwambia farasi, "Usiwe na wasiwasi, mama. Popote utakapokwenda, mimi nipo."

Swaumu akafunga kanga zake na sufuria yake, akapanda lori linalokwenda Ruangwa, akashuka njiani kijijini kwa mama yake.

Mama yake, Mwanaheri, alimwambia mihogo iko jikoni, ajimenyee. Alipokwisha kula ndipo akahojiwa.

"Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mwanamke?"

Swaumu akatazama vidole vya miguu yake. "Ana farasi," alisema.

Mwanaheri alikuwa na malalamiko yake mwenyewe. Kwa desturi ya kwao, mwanamume akioa huhamia kwa kina mkewe na humlimia mama mkwe shamba. Salimu aliruhusiwa kwenda Nachingwea kutafuta fedha kwa sharti kwamba mvua zikikaribia arudi kushika jembe. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Shamba la Mwanaheri sasa lilikuwa limeota vichaka, na ngedere walilitembelea kama kwao. Kwa hiyo akaitwa mjomba Kaimu, kaka yake Mwanaheri, ambaye katika ukoo ule ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya ndoa za mabinti.

Mjomba Kaimu aliposikia kisa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakumbuka kuwa hii ni kesi, akakunja uso. Akamsimamisha dereva wa lori lililokuwa linarudi Nachingwea.

"Mwambie mkwe wetu hivi," alisema. "Mume mwenye wake wawili agawe zamu sawasawa, sheria anaijua. Na mke mdogo huja kumwamkia mke mkubwa. Sisi hatujaamkiwa. Basi amlete huyo mke wake mdogo tumwone!"

Alisema kwa kejeli, na kila mtu alijua ni kejeli. Jirani yao Mwanaima, mwanamke asiyepitwa na jambo, alicheka hadi akamwaga maji ya kisimani. Swaumu peke yake hakucheka. Alimjua mumewe.

Na kweli, siku ya gulio, jua likiwa juu, Salimu akatokeza njiani akimwongoza Dachesi kwa kamba. Bwana Robati alikuwa amekwenda Lindi kwa shughuli za kuhama, akamwachia maagizo kwamba farasi anyooshwe miguu. Salimu alikuwa ameinyoosha miguu hiyo tangu alfajiri mpaka ukweni. Tena alikuwa amemfunika mgongo kwa kanga mpya, kwa sababu, kama alivyoeleza, huwezi kumleta mtu ukweni hivi hivi. Swaumu aliitazama ile kanga. Yeye mara ya mwisho kupewa kanga ilikuwa Idi, na haikuwa Idi iliyopita.

Dachesi alikuwa amechechemea njia nzima. Lakini alipoona umati umejaa uwanjani kwa Mwanaheri, alinyanyua shingo, akaanza kutembea kwa maringo, akiweka kwato moja moja kama bibi harusi anayepita juu ya mkeka.

Mwanaima akapasua kigelegele. "Kaja! Kaja mwenyewe! Shemeji Salimu, mbona huyu umemchukua na miguu ya ziada?"

"Ana miguu inayomtosha," Salimu akajibu, uso mkavu.

Mwanaima akamsogelea Swaumu, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka gulioni. "Shoga yangu, usikasirike, lakini mwenzio ana kope!"

Mjomba Kaimu alikuwa ametayarisha hotuba. Alivaa kanzu ya Ijumaa na kofia ya kufuma, akasimama katikati ya uwanja, akakohoa. "Mkwe," alianza, "ukoo huu haukuzoea kuchezewa. Tumekuita hapa tukuulize, na utujibu mbele ya watu..."

Dachesi akapiga hatua, akaweka pua yake begani kwa mzee, akashusha pumzi ndefu.

Mjomba Kaimu akaiacha hotuba. Wake zake hawakuwahi kumsikiliza hivyo, wala wajumbe wa baraza, wala mwanawe mkubwa. "Umechoka, eh?" alimwambia farasi kwa sauti nyingine kabisa. "Hata mimi nimechoka. Kifua hiki, mama, tangu kusi lianze..." Akamweleza habari za kifua chake, kisha za jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Dachesi alisikiliza yote, na mwisho akamvua mzee kofia kwa meno, akaitafuna.

Watu wakashika vichwa. Kwa kofia ile mtu mwingine angetozwa mbuzi.

"Ananitania!" Mjomba Kaimu alipiga kelele kwa furaha. "Mmeona? Huyu ni mtani wangu!"

Mwanaheri alikuwa ameapa kwamba siku hiyo Salimu atamtambua. Alitoka ndani amejifunga kibwebwe, akamwona farasi, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na ungo wa karanga. Zilikuwa karanga za mbegu, alizoziweka kusubiri mvua, na ambazo hata wajukuu walikuwa hawaruhusiwi kuzisogelea.

"Kula, mwanangu," alimwambia Dachesi. "Umetoka mbali."

Swaumu alikuwa amesimama kando na ndoo ya maji, kwa maana mtu alimwambia amletee mgeni maji. Alikuwa bado ana tumaini. Alijua hotuba ya mjomba imepotea, lakini ruhusa ya kwenda Iringa ilikuwa haijaombwa.

Ikaombwa. Salimu aliketi kwenye mkeka, kamba mkononi, macho chini kwa heshima ya mama mkwe. "Mjomba, mama, mimi sikuja kubishana. Kosa la shamba nalikubali. Nimekuja kuomba ruhusa. Bwana anahamia Iringa na huyu, na anataka niende nao. Bila mimi hali kitu. Akishikwa na mtu mwingine anakonda."

Kila mtu akamtazama Dachesi, ambaye aliinamisha kichwa na kuonekana amekonda tayari.

"Iringa kuna baridi," Mjomba Kaimu alisema. "Ana blanketi?"

"Analo, mjomba. La sufu."

"Na karanga?" aliuliza Mwanaheri. "Huko milimani wanalima karanga?"

"Zitatafutwa, mama."

"Asile za dukani. Zina ukungu."

Wazee waliinamiana, wakanong'ona, wakainuka. Mjomba Kaimu akatoa kauli. "Kiumbe cha watu kisipate tabu kwa ajili yetu. Nenda, mkwe. Shamba litangoja."

"Litangoja," akaitikia Mwanaheri, ambaye kwa ajili ya shamba hilo alikuwa hajanyamaza misimu miwili.

"Na Swaumu?" Salimu akauliza polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha njiani.

"Ah, Swaumu!" Mjomba Kaimu akapunga mkono. "Swaumu mtulivu. Swaumu hana neno."

"Hana neno huyo," mama yake akasema kwa fahari, "tangu utoto."

"Ninalo," alisema Swaumu.

Sauti ilikuwa ndogo, na wengi hawakujua imetoka wapi. Farasi ndiye aliyegeuza masikio kwanza. Kisha watu wote wakageuka, na Swaumu akaona yale macho yote juu yake. Akaweka ndoo chini.

"Sitaki aende."

"Mwanangu," Mwanaheri akaanza, "mnyama huyu asiye na kosa..."

"Sitaki, mama."

Mjomba Kaimu akajaribu kurudisha sura ya hakimu, ingawa ni vigumu bila kofia. "Basi toa sababu. Ni kwa ajili ya shamba?"

"Si shamba."

"Ni zamu, basi? Zamu tunaweza kuipanga."

"Si zamu, mjomba."

Salimu aliinua kichwa. Alimtazama mkewe kama mtu anayesoma herufi alizozipita kila siku bila kujua ni maandishi. Kamba ikalegea mkononi mwake.

Dachesi alikuwa amemaliza karanga. Zaidi ya hayo, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anamtazama, na hilo hakulizoea. Akageuka, akaipita ndoo ya maji bila kuinusa, akashika njia ya Nachingwea, kanga mpya ikipepea mgongoni, bila kuchechemea mguu wowote.

"Farasi!" Mwanaima akapiga yowe. "Bibi harusi anakimbia!"

"Mtani wangu!" Mjomba Kaimu akakusanya kanzu, akachomoka. Mwanaheri akanyakua ungo, akamfuata mbio akiita, "Rudi, mama, ziko nyingine!" Nyuma yao ukaenda uwanja mzima, vumbi likatimka, na kelele zikazidi kusogea mbali.

Salimu alikuwa ameinuka. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umetoka kwenye mkeka, mkono umenyooka kuelekea njiani. Akasimama hivyo. Kisha akaurudisha mguu, akaketi.

"Sababu yenyewe ni ipi?" aliuliza.

Swaumu alijua kwamba akitazama chini hataweza. Akamtazama usoni.

"Nakupenda," alisema. "Tangu siku ile ulipokuja kulima kwa mama, ukakata mihogo badala ya magugu, ukaifukia ili asione. Mimi niliona, nikanyamaza. Nimenyamaza tangu hapo. Kaa, Salimu. Usikae kwa ajili ya mama, wala ya shamba. Kaa kwa ajili yangu."