Kiini Cheupe

Jumapili moja mwaka wa tisini na nne nilitoka kanisani nikamkuta mama mkwe wangu, Kaluki, ambaye kwetu namwita Mwaitu, yaani mama, akimnywesha mtoto wangu uji wa kimea. Nyumbani kwetu hapakuwa na kimea.

"Mwaitu, hii mahindi umetoa wapi?"

"Kwenu kazini, Alhamisi nilipokuletea chakula. Mmeimwaga nyuma ya stoo, imeota vizuri, na watu wanalala njaa. Kwani hamuogopi Mungu?"

Nilimpokonya mtoto kikombe.

Kazi yangu kwenye shamba la utafiti hapo Kalamba ni kuchagua mbegu. Bwana Mathenge, mkubwa wetu, alinifundisha: loweka mahindi mpaka rangi ionekane. Punje yenye zambarau kichwani na kwenye kiini imerithi baba na mama, hiyo tupa nyuma ya stoo. Yenye zambarau kichwani lakini kiini cheupe imerithi mama peke yake. Hiyo ndiyo tunayotafuta, mbili tatu hivi kwa mia. Ikiota tunaitia kwenye dawa ili urithi wake uwe maradufu. Dawa yenyewe ni sumu, haishikwi bila glavu. Zinazonyauka baada ya dawa nazizika mimi, huko huko nyuma ya stoo, na shimo langu la mwisho, wacha niseme ukweli, lilikuwa la kivivu. Kuku walikuwa wamelichakura.

"Kuna zilizobaki?"

Akanisogezea ungo. Zilikuwa kama konzi moja, kavu, mizizi ameshaipukusa. Nikapiga magoti nikazigeuza moja moja nikitazama kiini. Zambarau. Zambarau. Zambarau. Nthenya wangu, miaka mitatu, alikuwa akilamba kijiko.

"Mama Nthenya, nimefanya nini?" Sasa sauti ya Mwaitu ilikuwa ndogo. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi na mimi mwenyewe.

Kwenye ukingo wa ungo nikaiona moja. Zambarau kichwani, kiini cheupe.

Labda kuku aliifukua shimoni. Labda ilinipita tu siku ya kuchagua, ikatupwa na zingine bila kuguswa na dawa. Lakini tangu Januari Bwana Mathenge, na macho yake ya kutafuta makosa, alikuwa hajapata hata punje moja iliyonipita, na nilikuwa nikiringa kwa hilo mpaka wenzangu wakachoka na mimi.

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso nikakimbilia zahanati, Mwaitu nyuma yangu akilia. Njia nzima nilimwomba Mungu kwa sauti kwamba siku ile ya kuchagua niwe nimekosea.