Nani Aligusa C1?

"Sasa huyu ni mimi, au kivuli changu ndicho kimekuja kuchukua kitambulisho?"

Mama muuza mkaa aliuliza hivyo akiwa ameinamia kioo cha nyuma ya kamera, na foleni nzima ikaangua kicheko. Usicheke, mpiga picha, hakucheka. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa ofisini, kwa kuwa kazi yake kutwa ni kuwaambia watu wakae wima, watazame lenzi, wasicheke. Na tangu amzike mkewe, amri hiyo aliitii yeye kuliko wote.

"Kaa tena," alisema.

Akapiga tena. Ukuta mweupe nyuma ya stuli ulitoka wa kijivu, uso wa mama ukatoka giza tupu, macho na pua vimezama humo. Mashine ya vitambulisho haipokei picha kama hiyo. Wiki nzima watu walikuwa wakirudishwa makwao kwa ajili hiyo, na wiki nzima Usicheke alikuwa akitafuta wa kumlaumu. Alianza na fundi umeme, akamwambia taa alizofunga hazimulikii hata mende. Akahamia kwa mpaka rangi, aliyetumwa na bosi kupaka kuta za chumba rangi nyeupe juu ya nyeupe iliyokuwepo. Na huyo walikaribia kushikana mashati.

"Mzee, rangi ni rangi," mpaka rangi alikuwa amemjibu. "Mimi sikupaka watu, nimepaka ukuta."

Kumbe wote wawili walionewa.

Asubuhi hiyo kijana wa kompyuta kutoka makao makuu alipita kukagua mashine. Aliishika kamera, akabofya mara mbili tatu, akasema kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema, "Mzee wangu, hii niliisafisha wiki iliyopita ulipokwenda kunywa chai. Ilikuwa imejaa mambo ya ajabuajabu humo ndani. Nimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani."

Usicheke alimtazama. "Umesema umefanya nini?"

"Nimefuta mipangilio yote. Ni agizo kutoka juu, ofisi zote ziwe sawa."

"Na C1?"

"C1 ipo, si hiyo hapo kwenye gurudumu?"

Ilikuwepo, ndiyo. Kwenye gurudumu la juu la kamera kuna kisanduku cha kijani ambacho kamera hujiamulia kila kitu yenyewe, kuna P inayomwachia mtu machache tu, kuna herufi za mtu anayetaka kuchagua mwenyewe kasi au upana wa tundu la lenzi, kuna M ambayo mtu hubeba mzigo wote peke yake. Halafu kuna C1 na C2, ambazo zina kile tu utakachoziwekea. C1 ya kamera hii iliwekewa mipangilio na mkewe, ambaye ndiye alikuwa mpiga picha wa ofisi kabla yake. Yeye Usicheke alikuwa mlinzi wa getini. Mke alipoanza kuumwa alimwita, akamwonyesha gurudumu, akamwambia, "Wewe weka hapa tu, usihangaike na mengine." Na yeye akaweka hapo tu. Alipokabidhiwa kazi hakugusa kingine. Kila uso ulioketi kwenye stuli ile ulitoka umeng'aa, na kila alipobonyeza aliona bado wanafanya kazi pamoja.

Sasa C1 ilikuwa jina tupu, kama kibao cha nyumba iliyobomolewa.

"Hayo mambo ya ajabuajabu," alisema, "aliyaweka mke wangu."

"Pole, mzee, sikujua. Lakini ungemwomba tu ayaweke tena…"

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayepokea fomu kwenye dirisha la pili, aliruka kutoka kwenye kiti. "We kijana, nyamaza! Nyamaza hapohapo!"

Kelele zilimtoa bosi ofisini kwake. Alikuja na miwani mkononi, akasikiliza nusu ya maneno, akakata shauri. "Tumia ya kijani. Otomatiki. Ofisi zote zinatumia otomatiki, kwa nini hapa tuwe na kamera ya mtu?"

"Ya kijani inafyatua fleshi, bosi. Watu wanatoka paji la uso linawaka kama sufuria."

"Wanaonekana au hawaonekani?"

"Wanaonekana mafuta."

"Basi inatosha. Na utii kidogo, mzee. Hii si kamera ya marehemu."

Bosi akarudi ndani, akafunga mlango. Usicheke alibaki amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. Hawa wakubwa ndio walewale. Siku mkewe alipozidiwa, waliambiwa gari la wagonjwa halina mafuta, na wakati anahangaika barabarani kutafuta gari la kumbeba, msafara wa wakubwa ulimpita, magari mangapi sijui, yote yana mafuta, yote yana viyoyozi. Hawakumwachia mke. Sasa wameingia mpaka ndani ya kamera wamemfuta na humo.

"Naiponda," alisema. "Naibamiza hii kamera sakafuni, wanifukuze."

"Ibamize," shemeji alimjibu. "Halafu ile kadi utaitazamia wapi, kwenye redio?"

"Kadi gani?"

"Usijifanye. Kadi ya picha ya zamani uliyoichomoa humo siku ya msiba ukaificha mfukoni mwa begi la kamera. Dada si alijaribia C1 humo? Si ulikuwepo?"

Alikuwepo. Mkewe alitaka uso wa kujaribia, yeye akagoma kukaa kwenye stuli, akasema hana haja ya kupigwa picha kama mfungwa. Basi mke akakaa mwenyewe, akamwachia yeye kazi ya kubonyeza. Kila Usicheke akibonyeza, mke anainuka, anarekebisha, anarudi kukaa. Kadi ile hakuwahi kuitazama tangu mazishi. Alijua uso gani umo.

"Shem," muuza mkaa aliita kutoka kwenye stuli, naye ameshamfanya Usicheke shemeji yake, "mimi mkaa wangu uko kwenye jua kali peke yake. Kama ni kadi, weka kadi."

Akaitoa kwenye begi, akaiweka.

Picha ya kwanza mke alikuwa giza, kama watu wa wiki hii. Ya pili, kijivu. Kila picha alizidi kutoka gizani kidogo. Ya mwisho alikuwa wazi kabisa, hadi kovu dogo la nyusi, na meno yote nje, kwa sababu Usicheke alikuwa amemwambia, "Usicheke, we mwanamke!"

Usicheke alikunja taya. Akabonyeza kitufe cha maelezo. Picha ikapungua ikakaa pembeni, na kando yake zikajipanga namba: tundu la lenzi, aiso ya wepesi wa kamera kunasa mwanga, rangi ya mwanga imewekwa kwenye taa za tyubu, kipimo cha mwanga kimewekwa kwenye nukta ya kati, pale uso unapokaa. Na mwisho alama ya kujumlisha: mwanga umeongezwa, zaidi ya hatua moja. Kumbe ukuta mweupe ndio uliokuwa ukiidanganya kamera, nayo inapunguza mwanga hadi watu wanazama.

"Nisomee, shem," alisema. "Polepole."

Shemeji akasoma, naye akazungusha. Mara mbili alikosea, akatukana, akaanza upya. Kisha akatafuta kwenye menyu pa kuhifadhia, akahifadhi C1. Akapiga. Muuza mkaa akatoka na macho, pua, na kiburi chake chote.

"Ee, huyu sasa namjua," mama alisema.

Kijana wa kompyuta alikohoa. "Mzee, ila mwisho wa mwezi tutasafisha tena. Ndiyo agizo."

Usicheke alichukua kalamu nene ya wino ambayo shemeji huandikia maboksi, akaenda kwenye ukuta wa nyuma ya kamera, nao pia umepakwa rangi mpya ya bosi, bado unanukia, akaanza kuandika namba za mkewe, kila moja kubwa kama kichwa cha mtu.

"Shemeji! Atakufukuza!"

"Anifukuze." Kalamu ilikwaruza. "Atakayekaa hapa baada yangu atazikuta."

Mlango wa bosi ukafunguka. Usicheke hakugeuka. Alikuwa amefikia alama ya kujumlisha, na aliirudia kwa wino mara kadhaa mpaka ikakolea.