Dari ya Nyumba ya Babu

"Kuna mgeni mheshimiwa anakuja Alhamisi ijayo, ndugu yangu. Usitutie aibu."

Hayo tu ndiyo Khole aliyomwambia mdogo wake Amur kwenye simu, mwezi wa Februari 1999, yeye akiwa Nizwa, huko Oman, anakosomesha, na Amur akiwa Ibra. Angeongeza maneno mawili matatu, mambo yangekwenda vingine. Hakuongeza.

Angesemaje? Mgeni alikuwa Bi Zenka, na kilichomtoa Bi Zenka Praha kuja Ibra ni dari ya nyumba ya babu yao. Na dari ile ilikuwa chafu. Chafu khasa. Ilikuwa na masizi ya kandili na moshi wa udi wa zaidi ya miaka mia, tandabui kila pembe, na mavi ya popo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyahesabu. Haya basi, mwanamke wa Kiomani aliyezaliwa Malindi, Unguja, akalelewa kwa adabu zote za Malindi, amwambie nduguye kwamba mtu anapanda ndege mbili kuja kuwatazamia uchafu wao? Ulimi ulimnata. Akaona akishasema "mgeni mheshimiwa" atakuwa amesema yote.

Jina lake la kweli mgeni huyo lilikuwa Zdenka, lakini Unguja hapakuwa na mdomo uliolikubali. Alifika mwaka 1961, msichana wa miaka ishirini na tisa, mwanachuoni wa historia ya sanaa kutoka Chekoslovakia, akapanga chumba nyumbani kwa kina Khole. Kiswahili alikijulia jikoni kwa mama yao, Bi Ghaniya, na ndiyo maana mpaka uzeeni alizungumza kama mtu anayepepeta mchele. Kazi yake ilikuwa kuchora dari. Alilala chali sakafuni kutwa nzima, macho juu, kalamu mkononi. Siku za mwanzo Bi Ghaniya alidhani ana homa, akawa anampelekea uji.

Dari ya nyumba yao ile ya Unguja ilikuwa ya mbao zilizopakwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano, maua na beti za mashairi. Kwenye pembe moja Bi Zenka alilikuta jina la fundi aliyeipaka, na kwamba yeye ni mtu wa Ibra. Chini ya jina paliwekwa alama yake, ua la petali saba, sita nyekundu na moja nyeusi.

Akarudi kwao na michoro mia na arobaini. Akaandika kitabu. Mwaka 1970 kitabu kikiwa tayari mtamboni, aliletewa karatasi atie saini kwamba amefurahi majeshi ya kigeni yalivyoingia nchini mwake. Akasema hakufurahi. Basi kitabu kilisagwa, na ile michoro mia na arobaini ikatiwa ndani ya tanuri la kupashia joto jengo la chuo, naye amesimamishwa hapo aone. Miaka kumi na tisa iliyofuata alifua mashuka ya hospitali. Jioni aliandika riwaya kwa taipu, karatasi sita na kaboni tano kwa mpigo, na watu wakazisoma kwa kupokezana kwa siri. Serikali ile ilipoanguka, riwaya zikachapishwa, akapewa zawadi, akarudishiwa na cheo chake. Akawa mwandishi mkubwa.

Lakini kitabu cha dari hakikurudi. Nyumba ya Unguja ilikuwa imekwisha kuanguka kwa mvua. Wanachuoni wenziwe, watu wenye adabu, walisema kwa upole kwamba bibi huyu amezoea kutunga hadithi, na huenda fundi wake naye amemtunga. Hilo lilimuuma kuliko miaka yote ya mashuka.

Ndipo Khole, mwaka 1998, alipompelekea picha ya harusi ya Manar, binti wa Amur, iliyopigwa ndani ya nyumba ya babu. Bi Zenka alipiga simu siku ile ile barua ilipofika, analia.

"Khole, mwanangu, mna dari!"

Khole akababaika. Nani asiyekuwa na dari? Akaitafuta nakala yake ya picha, akavaa miwani. Juu ya kichwa cha bibi harusi, kwenye pembe, palikuwa na ua moja limefifia kwa masizi, petali sita nyekundu na moja nyeusi. Alilala chini ya ua lile kila sikukuu tangu warejee Oman, na hakuwahi kulitazama.

Alhamisi yenyewe walitoka Nizwa asubuhi kwa gari ya Khole, wakapita Sinaw, mbuzi na pikapu zimejaa barabarani, Bi Zenka kapakata mkoba wenye kalamu mpya kumi na mbili na kamera.

"Jicho la kushoto limekwisha," alimwambia Khole, kama anayeeleza kwamba chumvi imekwisha. "La kulia daktari amenipa mwaka. Nikiichora hii, hakuna atakayesema nimeitunga. Baadaye hata nikipofuka, na nipofuke."

Khole akakanyaga mafuta. Moyoni alishaanza kutengeneza maneno ya kuombea radhi zile tandabui.

Amur aliwapokea mlangoni, kanzu yake ya dishdasha nyeupe inang'ara, mkewe Turkiya nyuma yake. Mtu wa wizara huyo, mkubwa wa umbo, lakini alipomwona Bi Zenka alirudi kuwa mtoto wa miaka saba.

"Shikamoo, Bi Zenka! Unanikumbuka?"

"Marahaba, mwanangu. Amur mpenda kashata! Nitakusahauje?"

Amur alicheka mpaka machozi yakamtoka. Bi Zenka naye alishaweka mguu kwenye ngazi ya kupandia juu, shingo imenyooka.

"La, la, wallahi!" Amur akamzuia. "Mgeni hapandi na njaa. Tafadhal, kwanza chakula. Juu tutakunywa kahawa, na huko nimekuwekea jambo la kukufurahisha."

Sinia lililotandikwa chini lilitosha watu kumi. Juu ya wali palikuwa na mbuzi mzima wa shuwa, ile nyama inayokandwa viungo na siki, ikafungwa kwa makuti na kuzikwa katika shimo la makaa mpaka siku ya pili. Shuwa kwa kawaida hungoja Idi. Kuichimbia shimo siku isiyokuwa ya Idi ni kumwambia mgeni kwamba siku yake ni Idi. Khole aliliona lile sinia na roho ikamtulia. Nduguye hajamwaibisha.

Bi Zenka alikula vizuri. Nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Amur alimchagulia vipande kwa mkono wake, akamsogezea.

"Sijapata kula nyama laini hivi," Bi Zenka alisema. "Tangu nizaliwe."

"Ah, ina siri yake hiyo," Amur akasema, na akamkonyeza mkewe.

Harufu ya rangi mbichi Khole aliisikia walipokuwa wananawa mikono. Alijiambia ni ya mlango wa uani. Walipopanda ngazi harufu ilizidi, akajiambia ni ya madirisha. Mtu akishaogopa hujiambia mengi.

Chumba cha juu kilikuwa cheupe pe. Kuta nyeupe. Zulia jipya. Na juu, ukuta kwa ukuta, dari ya jasi iliyonyooka, nyeupe kama sufuria ya maziwa, taa za neoni nne, na katikati feni inazunguka polepole.

Bi Zenka alisimama mlangoni, shingo kaigeuza juu, mdomo wazi. Khole alishika fremu ya mlango, na rangi ikamganda kiganjani.

"Eh?" Amur alinyoosha mikono yote miwili. "Mnaonaje? Siku tano! Mafundi wanne, rangi nimeifuata Nizwa mwenyewe. Dada, si ulisema nisitutie aibu? Ungeliiona ilivyokuwa, ungelitamani ardhi ipasuke."

"Amur." Sauti ya Khole haikuwa yake. "Mbao ziko wapi?"

"Mbao zipi?"

"Za dari. Zilizokuwapo."

Bado palikuwa na tumaini. Huenda zimepangwa uani, huenda zimetupwa kwenye bonde la wadi, na kitu kilichotupwa huokoteka. Khole alishaanza kuhesabu ni gari ngapi zitahitajika kuzirudisha.

"Zile kuukuu?" Amur alifurahi kuulizwa. "Basi hiyo ndiyo siri yenyewe! Mafundi walitaka kuzitupa, nikawaambia hasha, kuni kavu za miaka mia na ishirini mtu anazitupaje? Ndizo zilizopikia shuwa. Zote. Zimewaka, wallahi, kama karatasi. Muulize Turkiya."

Turkiya, aliyekuwa anapanda ngazi na chetezo cha udi, aliitikia kwa kichwa, kwa fahari. Kweli, moto wa vile hajapata kuuona.

Mdomoni mwa Khole bado mlikuwa na ladha ya karafuu na moshi, na huo moshi sasa aliujua ni wa nini. Ni mimi, alijisemea. Si Amur. Ni mimi na haya zangu.

Bi Zenka alikaa chini pale pale mlangoni, polepole, kama mtu anayeshushwa. Kiswahili alikijua, hapakuwa na la kumtafsiria. Aliitazama mikono yake iliyonawishwa kwa maji ya marashi.

"Kwetu walioichoma kazi yangu walinichukia," alisema kwa sauti ndogo, Khole tu akimsikia. "Ilikuwa rahisi. Na mimi niliwachukia. Nyinyi, Khole, nitakufanyeni nini nyinyi?"

Khole alipiga magoti, akamshika mabega mwanamke yule, aliyekuwa sasa analia.

Amur alidhani ni furaha. Mtu akifanyiwa makubwa hulia. Alikipokea chetezo kutoka kwa mkewe, akakileta karibu ili mgeni ajifukize, kama ifanywavyo baada ya chakula, na moshi wa udi ukampanda Bi Zenka usoni.

"Imemgusa, maskini," alimnong'oneza Khole. "Na bado, dada. Kama anapenda nyumba za kizamani, kesho tuna mwaliko Bidiya kwa ami Mahrous. Nyumba yake na hii ni pacha. Marehemu babu alikuwa akisema fundi ni mmoja, na maua ni yale yale. Mafundi wangu nimempelekea tangu asubuhi wamtengenezee na yeye. Shimo la shuwa wanaliwasha baada ya Alasiri."

Bi Zenka aliinua uso.

Khole hakumbuki aliichomoaje simu kwenye mfuko wa dishdasha ya nduguye. Alikosea namba, akapiga tena. Ililia mara sita. Ami Mahrous alikuwa na miaka themanini na sikio moja zuri.

"Ami! Ni Khole! Shikamoo! Mafundi wameanza?"

"Marahaba, mwanangu. Wameanza, alhamdulillahi. Umesikia?"

Alisikia. Nyuma ya sauti ya mzee nyundo ilikuwa inagonga mbao.

"Wasimamishe, ami! Wasimamishe sasa hivi!"

"Vipi niwasimamishe, na mgeni anakuja kesho? Kuchafu huku, mwanangu. Kuna masizi, kuna popo..."

"Ndiyo, ami! Ndiyo!" Khole alikuwa anapiga ukelele sasa, mwalimu mzima wa chuo, mtaa wote unasikia. "Huo uchafu ndio anaoujia! Mgeni anaitaka dari yenu, chafu vile vile, na mavi ya popo yake! Ni kazi yake, ami, ndiyo umri wake wote! Hii ya Ibra tumeshamchomea! Tumemchomea, tukamlisha!"

Nyundo iligonga mara mbili, tatu. Kisha mzee alisikika akifoka kwa Kiarabu, na nyundo ikakoma.

"Wameacha," ami Mahrous alisema hatimaye, anahema. "Upande wa kibla umeshang'oka, uko shimoni, bado haujatiwa moto. Uliobaki mzima. Niutoe ulioko shimoni?"

"Toa, ami. Toa kila ubao. Tunakuja."

Bi Zenka alikwisha simama. Alikuwa anautafuta mkoba wake, anapapasa ukutani kwa upande wa jicho bovu, na rangi nyeupe inamjaa mkononi.

Khole aligeuka. Amur alikuwa amesimama katikati ya chumba chake kipya, chini ya feni. Kila neno la simu alikuwa amelisikia. Chetezo kilikuwa bado mikononi mwake, na ndani yake mlikuwa na makaa matatu mekundu ambayo Turkiya aliyachota punde tu kutoka shimoni. Aliyatazama. Hakuthubutu kukiweka chini na hakuthubutu kuendelea kukishika.

"Dada," aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka saba, "zilikuwa zimeandikwa nini?"

Khole alilala chini yake sikukuu za miaka ishirini na tano. Hakujua.