Shangazi Hajatoka Kwenye Skrini

Shangazi alikuwa anaondoka tangu saa saba. Begi lilishatangulia kituoni, viatu vya safari vilishaanza kumuuma, na basi lilikuwa la saa kumi kamili. Lakini alikwama sebuleni, maana kaka yake mkubwa, karani mstaafu, alikuwa amechapa ratiba ya kuagana na kuigonga mhuri. Namba saba: Shangazi anaondoka kwenye skrini. Namba nane: Shangazi anaondoka mwenyewe.

"Saba haijaisha, nane itaanzaje?" Karani aliuliza, miwani puani.

Kule aendako alikuwa anangojwa na mgane mmoja, fundi saa. Shangazi alishaghairi safari mara mbili. Safari hii mgane alimwambia, "Nitakuja kituoni mara ya tatu. Ya nne usinitafute."

Skrini ilikuwa kazi ya mdogo wao, mpiga video wa harusi. Aliiandikia kompyuta maagizo: picha ya Shangazi itembee kutoka kulia mpaka itokomee kushoto, hatua mia sita, kila hatua sekunde moja. Muziki ulilia, picha ikaganda kama imepigwa msumari. Kila hesabu ikikaribia hatua ya mia tano, picha bado haijasogea, Karani alikatisha: "Anza upya!"

Wakaanza upya mara kumi na moja.

"Mwenda pole hajikwai," Karani alisema.

"Hajikwai kwa sababu haendi!" Shangazi alijibu. Akamgeukia mdogo wake. "Wewe, hesabu yako ikoje?"

"Sahihi kabisa, dada. Namba ya hatua gawanya kwa mia sita, ndiyo sehemu ya njia uliyokwisha kwenda."

"Mia tatu gawanya kwa mia sita?"

"Nusu."

"Hebu iulize kompyuta yenyewe."

Akaiuliza. Sifuri.

"Mia tano tisini na tisa?"

"Sifuri, dada."

"Mia sita?"

"Moja."

Shangazi alikuwa ameshona nguo miaka arobaini. "Umeipa futi isiyo na nusu wala robo. Kwake mtu yupo au hayupo, njiani hakuna."

Mpiga Video akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Namba nzima kwa namba nzima, inavitupa vipande vyote! Nikiandika mia sita nukta sifuri, itahesabu mpaka punje."

Akaandika. Picha ikaanza kutambaa vizuri, kwa madaha. Shangazi akatazama saa. Basi, dakika sita. Picha, dakika kumi.

"Toa nukta."

"Dada, si ndiyo dawa yenyewe?"

"Dawa ya nani? Toa, halafu uanzie mia tano tisini na tisa."

Picha ikarudi kulia, ikasimama nzima.

"Kaka, unaniona nipo mwanzoni?"

"Nakuona."

Pap! Skrini tupu.

"Na sasa?"

Karani alichungulia nyuma ya skrini. "Umeondoka," alikiri, akaweka tiki. Alipoinua kichwa, namba nane ilishafika getini, viatu mkononi.

Basi alilidaka. Mgane alikuwepo, wakaoana; mmoja anashona, mwingine anatengeneza saa. Mpiga Video huweka nukta kila mahali, hata kwenye kadi za mwaliko: saa 8.0 mchana. Karani alibakiwa na namba tisa, shukrani za msafiri. Aliisoma yeye mwenyewe, mbele ya kiti kitupu cha Shangazi, akaigonga mhuri.