Mlango wa Kushoto

"Baba, uwanja wenyewe ndio huu, magari mawili hayakai," binti alisema. "Mnunuzi yuko njiani. Linabaki lipi?"

Fundi Viti alikuwa amechuchumaa kando ya gari dogo jipya aliloletewa na bintiye, akibonyeza kiti kwa kidole gumba kama anavyobonyeza masofa ya wateja. Hakuona kasoro, na hilo lilimuudhi. Lile kuukuu, lililonunuliwa mwaka wa harusi yake, viti vyake alivishona kwa mkono wake, akavishona tena vilipochakaa. Lilikunywa mafuta kuliko lilivyotembea. Na mlango wa kushoto, upande wa mkewe, haukuwahi kufunguka kwa ndani.

Angeweza kuutengeneza kwa dakika chache. Hakuutengeneza. Maneno matamu hayakumtoka hata enzi za uchumba, alijiumauma tu. Lakini kushuka, kulizunguka gari na kumfungulia mkewe, hapo alijua anachofanya. Likiondoka lile, atabaki na nini cha kumpa? Aliogopa kweli.

Mkewe alitoka na kikapu, akajaribu kupanda lile kuukuu. Goti lilikataa. Akajaribu tena, akicheka ili wasimwonee huruma.

"Mnunuzi achukue hilo kuukuu," Fundi Viti akamwambia binti, akageuka haraka.

Mnunuzi alipokwisha kuondoka nalo, wazee wakaenda sokoni na lile dogo, binti akiwa kiti cha nyuma.

"Kimya hivi!" mkewe alisema njiani. "Sasa naweza kuongea bila kupiga kelele."

"Ndicho ninachokiogopa."

Mkewe alimpiga kofi la bega, wakacheka mpaka sokoni. Fundi alikiri moyoni kwamba kigari hakina neno: kilipita penye vichochoro, na mkewe alishuka na kupanda bila kuguna. Huko sokoni binti ndiye aliyemfungulia mama yake. Kisha akawaaga, akaenda zake.

Waliporudi nyumbani, Fundi Viti alishuka, akachukua kikapu, akafika kizingitini. Akageuka. Mkewe bado alikuwa ndani ya gari, mkoba mapajani, anatazama mbele.

"Mama, vuta hicho kitasa! Hili linafunguka kwa ndani."

"Nimekiona," alijibu kupitia dirisha. Hakukigusa.

Fundi Viti aliweka kikapu chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Gari lilikuwa dogo, hatua chache tu na mtu amefika upande wa pili, kwa hiyo akalizunguka polepole.