Sura ya Nne Imegoma

Shemeji alikataa kiti. Alizunguka duka la kuchapa, hatua nne kwenda, nne kurudi, akishika rimu za karatasi na kuziacha, akitazama saa ya ukutani.

"Ofisi ya chuo inafungwa saa kumi, na sasa ni nane na nusu. Karani kasema bila namba za Kirumi kwenye tanbihi hapokei tasnifu."

"Dakika mbili tu," alijibu Vidole. Wateja ndio waliompa jina hilo, naye alilivaa kama cheo, maana mtaa mzima hakuna aliyechapa tasnifu nyingi kumshinda. Huyu alikuwa mke wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyesoma chuo cha jioni miaka sita. Angemwangusha vipi?

Akafungua kidirisha cha tanbihi, akachagua i, ii, iii badala ya 1, 2, 3, akabonyeza. Sura ya kwanza ikageuka. Ya pili na ya tatu zikatii. Akapiga mluzi. Sura ya nne ikabaki vilevile: 1, 2, 3.

Akabonyeza tena. Wapi! Ndipo akakumbuka. Siku alipoichapa sura hiyo wateja walijaa hadi mlangoni, akaona kupitia menyu kwa kila tanbihi ni kujichelewesha. Akazichapa namba mwenyewe kama maneno ya kawaida, moja moja, na orodha yake ya vitabu mwishoni. Kwa kompyuta hizo zilikuwa maandishi tu. Fundi mzima, kazi ya kulipua!

Na bado. Baadaye shemeji alifuta aya iliyobeba tanbihi ya kumi na mbili. Vidole akazipanga upya namba za ndani, orodha akaisahau. Tangu hapo kila namba kuanzia kumi na mbili ilielekeza kwenye kitabu kisicho chake.

Na sura ya nne ndiyo aliyoirudisha msimamizi wa tasnifu mara mbili, akiandika kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi anabuni vyanzo, kabla ya kuikubali kwa shingo upande. Shemeji alilia jikoni kwa mama mkwe, akarudi maktaba kusoma vitabu vyote upya, akafika mahali pa kusema labda akili yake imechoka. Vidole ndiye aliyembembeleza siku ile. Alimshauri apumzike!

Angeweza kusahihisha kimya kimya. Tanbihi thelathini na moja, saa moja ingetosha, na nani angejua? Mkono ukaenda kwenye kipanya, ukarudi, ukaenda tena.

"Vipi, imegoma?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai! Sema."

Akasema yote, bila kumtazama. Hatua nyuma yake zikakoma.

"Miezi minane," alisema shemeji. "Miezi minane namwomba radhi yule mzee kwa kosa lisilo langu. Nimemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba sifai."

"Naanza kurekebisha sasa hivi, tutawahi..."

"Acha kibodi." Akatoa simu, akatafuta namba ya msimamizi, akaweka sauti ya nje na kuilaza mezani. "Mwambie yeye. Kama ulivyoniambia mimi."

"Lakini muda, shemeji!"

"Muda ni wangu."

Simu ikaita. Vidole, ambaye hakuwahi kukiri kosa hata la herufi moja, aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Haloo," alijibu mzee kwa sauti iliyochoka. "Mwalimu, ni ile sura ya nne tena?"

"Ndiyo, mzee," alisema Vidole. "Mimi ndiye mchapaji. Yeye hakubuni kitu."