Sindano Juu, Sindano Chini

Mtaa mzima ulimwita Fundi Masikio, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka thelathini na minane alirekebisha kabureta za jenereta, pampu za maji na mashine za kukata nyasi kwa kusikiliza tu. Anakaza skrubu ya petroli taratibu hadi igote, anailegeza mzunguko mmoja na nusu, anawasha injini, kisha anafumba macho na kuizungusha kidogo kidogo hadi mlio utulie.

Siri aliyokuwa nayo mkewe ni kwamba Masikio siku hizi hakuwa na masikio. La kushoto lilikwisha kujiuzulu, la kulia lilifanya kazi nusu siku. Aligundua siku alipochungulia karakana, iliyopakana ukuta na jiko lake, akamkuta mumewe amesimama mbele ya mashine ya nyasi inayopiga mayowe, naye anaitazama kwa tabasamu la mtu aliyeridhika.

Angeweza kumwambia apumzike. Lakini alimfikiria mume asiye na kazi, amekaa jikoni kutwa akimfundisha namna ya kukata vitunguu, mwili ukamsisimka. Kesho yake alibeba kigoda na sweta aliyokuwa akiifuma, akakaa mlangoni pa karakana, yeye ambaye tangu aolewe alidai harufu ya petroli inamuumiza kichwa. Wakakubaliana yeye asikilize injini: sindano yake ya kufumia ikielekea juu, legeza, ikielekea chini, kaza, akiilaza mapajani, acha hapo hapo. Wateja walipomwona fundi akimtupia mkewe jicho kila mara, walisema mapenzi ya wale wazee hayachuji.

Aliyetia shaka ni mkwe wao, mume wa binti mkubwa, fundi naye, aliyekuwa akiimezea mate karakana ile tangu siku ya posa. Asubuhi moja alikuja na jenereta yake mbovu, akaitua katikati ya sakafu.

"Baba, tupatane kitu," alisema kwa unyenyekevu uliopita kiasi. "Ukiitengeneza hii ikatulia, sitataja tena habari za wewe kupumzika. Ikikushinda, nikabidhi funguo ukakae nyumbani."

Masikio, aliyekuwa akiifuata midomo yake kwa makini, akavuta boksi la vifaa. "Sogeza hapa."

Alifungua kabureta, akamwaga petroli iliyochacha pamoja na mchanga uliotuama kwenye kikombe chake cha chini, akapitisha waya mwembamba kwenye kitundu cha petroli, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga. Mpaka hapo macho yalitosha. Akafunga, akavuta kamba, injini ikawaka huku ikitapatapa na kutoa moshi mweusi. Mama, kwenye kigoda chake mlangoni, akaandaa sindano.

"Mama," mkwe akasema, uso wa malaika, "naomba maji ya kunywa. Koo limekauka."

Mkwe akiomba maji, mama mkwe atakataaje? Alikwenda jikoni akimlaani kimoyomoyo, yeye na koo lake. Ukutani alisikia injini ikikwama, ikishtuka, ikitaka kuzimika. Kaza, mume wangu, kaza kidogo, aliusihi ukuta. Aliogopa kweli, na wala si kwa ajili ya vitunguu. Alimwona mzee wake sebuleni, mikono safi, hana la kufanya, na picha hiyo ilimuuma.

Kisha mlio ukapanda, ukasawazika, ukatulia tuli.

Alitoka mbio, maji yakimwagikia. Mkwe alikuwa mdomo wazi. Masikio alikuwa ameinama juu ya jenereta, mkono mmoja kwenye skrubu, na mkono wa pili umeshika bisibisi ndefu: ncha imegusa injini, mpini ameuuma kwa meno, macho ameyafumba.

"Meno yangu yanasikia vizuri," alisema alipoutoa mpini mdomoni.

Mkwe alikunywa maji yote, akabeba jenereta yake, akaaga kwa adabu zaidi kuliko alivyokuja.

Mama akahamia upande wa sikio la kulia. "Mambo ya meno umeanza lini?"

"Wiki ya pili baada ya wewe kuleta kigoda."

"Na mimi nimemaliza sweta nne hapa mlangoni, nakuonyesha juu, chini, juu, chini?"

"Miaka yote hiyo nakuomba uje ukae nami hapa, unaniambia petroli inakuumiza kichwa," alisema Masikio, akifuta bisibisi. "Ningekwambia, ungerudi jikoni."

Mama alimwita mwongo na mzee asiye na haya, akaingia ndani, akabamiza mlango. Jikoni alishikwa na kicheko, akajiziba mdomo kwa khanga asisikike. Kisha akakumbuka kuwa hakuna wa kumsikia, akacheka kwa sauti mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi iliyofuata mteja alileta pampu ya maji. Kigoda kilikuwa mlangoni, na sweta ya tano imeshaanzwa. Pampu ilipotulia vizuri kabisa, mama akainua sindano juu. Masikio akamtazama, akalegeza. Pampu ikakohoa. Akainua tena, naye akalegeza tena, moshi mweusi ukajaa karakana, mteja akauliza kwa wasiwasi kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema Masikio, jicho liko kwenye sindano. "Bado sijaambiwa niache."